Uso wa Kucheka

Hoteli ilipoamua kuwafurahisha wageni wake, ilianza kwa kumwachisha kazi mtu aliyewafungulia mlango. Mahali pake uliwekwa mlango wa kioo unaojifungua wenyewe, wenye jicho jekundu juu, na mtu yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Bawabu na unamwita hivyo mpaka leo, alirudi nyumbani na kofia yake ya utepe wa dhahabu ndani ya mfuko wa plastiki. Kofia aliruhusiwa kuondoka nayo. Hakukuwa na kichwa kingine kilichoihitaji.

Tangu hapo alishinda kwenye kiti mbele ya nyumba, akimweleza kila aliyesimama kwamba mlango ule hautadumu. "Mlango haujui nani ni nani," alisema. "Unamfungulia hata paka." Na kweli, paka wa jikoni alikuwa ameshauzoea. Lakini watu walichoka kusikiliza, maana mtu aliyepokonywa kazi na kioo hana mengi ya kujivunia, na Bawabu alikuwa mtu wa kujivunia hata pale pasipo na kitu. Nyumba ilikuwa ikila mshahara wa mkewe.

Mkewe alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli hiyo hiyo. Wenzake walimwita Pasi, kwa sababu kitanda alichokitandika yeye kilionekana kama kimepigwa pasi pamoja na godoro lake. Hiyo ni sifa nzuri kuisikia na haiongezi hata kijiko cha sukari ndani ya nyumba. Kwa mshahara wake walikula watu wanne: yeye, Bawabu, binti yao aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na mama yake Bawabu, bibi aliyekula kidogo na kusema sana. Huo mshahara ukikatika, binti angerudi nyumbani kabla ya mtihani, na hilo lilijulikana na wote wanne, ingawa ni mmoja tu aliyelikosea usingizi.

Basi zamu ikamfikia na yeye. Hoteli ilimwajiri kijana mmoja mwenye cheo cha Mkurugenzi wa Furaha ya Mgeni. Cheo hicho hakikuwahi kuwapo; wageni walikuwa wakilala na kuamka miaka yote bila kujua kwamba furaha yao haina mkurugenzi. Wafanyakazi walimwita Bwana Furaha, yeye akidhani wanampenda. Aliwakusanya wahudumu wa vyumba kwenye chumba cha kufulia, katikati ya mvuke na mafurushi ya shuka, akasimama juu ya kreti ya sabuni ili aonekane.

"Ndugu zangu," alisema, "mgeni wa leo hataki mtu wa kumgongea mlango kila asubuhi. Anataka kujisikia. Sasa kila chumba kina skrini, kina sauti ya kumkaribisha, kina godoro linalojua amelala vipi, kina friji inayojua ametoa nini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukimfurahisha mgeni, na sisi tutapona."

"Tutapona wangapi?" aliuliza mhudumu mmoja aliyeitwa Mgongo. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza siku bila kuulalamikia mgongo wake.

Bwana Furaha alitabasamu. "Mko wanane. Tutabaki na watatu. Lakini sitawachagua mimi, nisije nikaambiwa nina upendeleo. Kila mmoja wenu atalala usiku mmoja hapa, yeye na familia yake, bure, kama mgeni. Kila kitu ni chenu. Chumba chenyewe kitatuambia ni nani anaujua ugeni. Huwezi kumhudumia mgeni kama hujawahi kuwa mgeni."

Wahudumu walitazamana. Kati yao walikuwemo waliotandika vitanda vya hoteli ile kabla kijana huyu hajaacha kukojolea kitanda cha kwao.

*

Siku yao ilipofika, Bibi alivaa nguo aliyoiwekea akiba ya harusi ya mjukuu. Bawabu alivaa suti na, baada ya mabishano, akakubali kuiacha kofia. Pasi alibeba mkoba mkubwa, na ndani yake mlikuwa na wali na mayai ya kuchemsha kwenye bakuli lenye mfuniko, chupa ya maji, kopo la kuogea, na shuka mbili za nyumbani.

"Tunahama?" aliuliza Bibi.

"Tunakwenda kazini, mama," alijibu Pasi. "Ninyi mnaona tunakwenda kustarehe. Mimi nakwenda kazini."

Kwenye mlango wa kioo Bawabu alisita. Mlango ulijifungua. Alirudi nyuma hatua moja, ukajifunga. Akaenda mbele, ukajifungua. Binti alimvuta mkono akiona haya, kwa kuwa watu wa mapokezi walikuwa wakitazama na mmoja wao alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Umechelewa kufunguka," alisema Bawabu, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa rasmi. "Mimi nilikuwa namfungulia mtu kabla hajakanyaga ngazi."

"Tuingie, baba. Tafadhali."

Chumba kilikuwa kizuri, na Pasi alikijua kama anavyoijua mikono yake. Alikuwa amekisafisha yeye mwenyewe mara nyingi na hajawahi kukalia kiti chake hata kimoja. Mhudumu wa vyumba hakai kitini, hagusi friji, hajitazami kwenye kioo cha mgeni. Kuna mwenzao aliwahi kukutwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anapumzisha miguu, na siku hiyo hiyo akaondoka bila kuaga. Mambo kama hayo yakishamwingia mtu hayatoki kwa tangazo la kijana aliyesimama juu ya kreti.

Walipochomeka kadi kwenye kikasha cha ukutani taa ziliwaka, na kidude cha mviringo kilichokuwa mezani kikasema: "Karibu, mgeni wetu. Ungependa kujisikiaje leo?"

"Hatujambo, mwanangu," alijibu Bibi. "Na huko kwenu?"

Kidude kikanyamaza. Bibi akangoja, kisha akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, wanauliza hali na hawataki kuulizwa.

Binti alikuwa ameshafungua friji. Pasi aliifunga kwa haraka hata chupa zikagongana. "Kila kinachotoka humo kinaandikwa."

"Si walisema ni bure, mama?"

"Bure ya nani? Nimeshaona watu wakikatwa mshahara kwa ajili ya sabuni ya kipande. Tuna maji yetu. Na wewe mama, samahani, usikae hapo."

Bibi alikuwa amejiweka katikati ya kitanda, miguu inaning'inia, uso umetulia kama wa mtu aliyefika alikokuwa akienda. "Kwa nini nisikae? Si chetu leo?"

"Asubuhi anayekuja kusafisha ni Mgongo. Unajua alivyo. Tukivuruga kitanda hiki, anainama yeye. Tutatandika shuka zetu chini. Zulia ni zito, halina baridi."

"Mimi, mtu mzima, nilale chini na kitanda kinanitazama?" Bibi alimgeukia mwanawe. "Wewe umesikia? Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hata nusu siku hatujamaliza, na mkeo ameshatugawia majembe."

Bawabu alikuwa ameshafika mlangoni. Alisema anashuka chini kunyoosha miguu, na alichoenda kufanya chini ni kutoka na kuingia. Alitoka kwa mlango ule, akazunguka maua, akaingia tena, mikono nyuma, akifunguliwa. Ilimpa raha na kumuuma kwa wakati mmoja, kama mtu anayejikuna kidonda. Na ndipo gari likasimama, akashuka mgeni wa siku nyingi, mzee mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akija kila mwezi.

"Ah, upo," alisema mgeni yule, na bila kumtazama mara ya pili akamkabidhi mizigo yake miwili.

Bawabu aliipokea. Hakufikiri, mikono ilipokea yenyewe. Alitangulia, akasema "karibu tena, mzee," akapandisha mizigo mpaka juu, akaiweka mahali pake, akainamisha kichwa, na noti iliyotiwa kiganjani mwake akaiingiza mfuko wa shati. Aliporudi chumbani alikuwa akipiga mluzi. Mkewe alimuuliza kulikoni, akasema hewa ya huko nje ni nzuri. Kwa muda wote waliokaa bila mshahara wake, hiyo ndiyo siku pekee aliyopata kitu, na hakumwambia mtu.

Walikula wali wao juu ya zulia, wameuzunguka mfuko wa plastiki uliotandazwa ili punje zisidondoke. Walioga kwa kopo, mmoja mmoja, kwa sababu bomba la mvua la bafuni lilikuwa na skrini ya kuchagua joto na Pasi aliogopa likiharibika litaitwa jina lake. Kisha, kabla ya kulala, alifanya jambo ambalo mikono yake ilikuwa imelifanya kila siku ya kazi tangu kadi za milango zilipoletwa. Aliichomoa kadi kwenye kikasha cha ukutani. Wahudumu walikuwa wakikemewa sana kwa umeme unaowaka bure, na mara mbili ulikatwa kwenye mshahara wake. Taa zikazima, skrini ikazima, kidude kikafa katikati ya kuwatakia usiku mwema.

"Afadhali," alisema Bibi gizani. "Kilikuwa kinanisikiliza."

Asubuhi Pasi alifuta sinki, akakausha sakafu ya bafu, akakusanya hata unywele. Wakaondoka wameacha chumba kama hakijawahi kuguswa na mtu. Alijisikia vizuri. Aliamini, maskini, kwamba ameshinda.

Nyumbani Bibi aliwakuta majirani wanamsubiri, akawasimulia hadi mchana habari za kitanda ambacho hakukilalia.

*

Matokeo yalitolewa kwenye chumba cha kufulia. Bwana Furaha alileta skrini kubwa na kuisimamisha mbele ya mashine za kukaushia, na wahudumu wakakaa juu ya mafurushi. Jina la kila mmoja lilipoitwa, usiku wake ulionyeshwa kwa mistari ya rangi.

Wa kwanza kusifiwa alikuwa Mgongo. "Huyu," alisema Bwana Furaha, "hakulala. Alilalamika usiku kucha. Godoro laini, mto mrefu, hewa ya baridi, hewa ya joto. Alikiuliza kidude kama hakuna godoro jingine, na kama hakuna, kwa nini. Ndugu zangu, huyo ndiye mgeni. Mgeni wa kweli halalamiki kwa sababu ana shida. Analalamika kwa sababu anajua anastahili."

Mgongo aliinamisha macho. Alikuwa amelalamika kwa sababu mgongo ulikuwa unauma.

Wa pili alikuwa mwanamke aliyemaliza vilivyomo kwenye friji na kuvunja bilauri. Wa tatu watoto wake walikuwa wamefungulia bomba la mvua mpaka maji ya moto ya ghorofa nzima yakaisha. Wote wawili walipigiwa makofi.

Halafu likaja jina la Pasi. Skrini ilionyesha mistari mifupi ya rangi jioni, kisha ikawa nyeupe mpaka asubuhi.

"Dada," alisema Bwana Furaha kwa upole wa mtu anayejipenda, "chumba kinasema hakikuwa na mtu. Kitanda hakikulaliwa. Friji ilifunguliwa ikafungwa. Bomba la mvua halikuguswa. Umeme ulikatika mapema. Tulikupa nafasi ya kuwa mgeni, ukaenda kulala kwako?"

"Hapana, bwana. Tulilala hapa."

"Wapi?"

Pasi alitazama mikono yake. "Chini."

Kicheko kilianzia nyuma. Hakikuwa kibaya sana mwanzoni. Kilikuwa cha watu waliochoka na wenye hofu, na mwenye hofu hucheka kwa urahisi akishaona balaa limemkwepa. Lakini kiliendelea kuliko ilivyostahili.

"Chini," alirudia Bwana Furaha. "Kwenye chumba chenye kitanda cha watu wawili na cha ziada. Na huyu ni nani?" Alibonyeza, na pichani akatokea Bawabu ndani ya suti, mzigo mkono huu, mzigo mkono ule, anapanda ngazi akitabasamu. Aliyefuata pichani alikuwa mgeni yule akimtilia noti kiganjani. "Mumeo. Mgeni wa chumba chako. Anabeba mizigo ya wageni wengine, na anachukua bakshishi."

Pasi hakuwa na habari ya bakshishi. Aliijua hapo, mbele ya watu, pamoja nao. Jioni ile ile alipokuwa akigawa mayai manne kwa watu wanne, mumewe alikuwa na noti mfukoni.

"Sikulaumu," alisema Bwana Furaha. "Kuna watu hawawezi kuwa wageni. Ukimpa kitanda analala chini, ukimpa nafasi ya kubebewa anabeba. Mtu kama huyo atajuaje mgeni anataka nini?"

Alimpa mkono na bahasha. Mafao yake, alisema, yangeshughulikiwa, na neno hilo kila mfanyakazi analijua: ni kitu kinachoshughulikiwa mpaka mwenye nacho asahau. Ndani ya bahasha mlikuwa na hati nzuri ya karatasi ngumu. Kwa kuthamini utumishi wake wa miaka mingi, hoteli ilimzawadia usiku mmoja wa kulala hapo, yeye na familia yake, siku za kazi tu, haihamishiki kwa mtu mwingine.

*

"Nilikuwa nimeiweka ya dharura," alisema Bawabu habari za ile noti.

"Ipo wapi?"

Alikuwa ameinywea soda na wenzake, akiwaeleza jinsi mgeni alivyomkumbuka. Pasi hakupiga kelele. Aliingia ndani, akachukua ile kofia kutoka msumarini, akaitia viazi, akarudi kuvimenya mbele yake. Bawabu alivitazama viazi ndani ya kofia, akainama kuokota maganda.

Siku zilizofuata alijaribu kujitoa lawamani kwa kuiuza ile hati. Alimwendea muuza nyama akitaka abadilishane nayo kwa kilo kadhaa. Muuza nyama aliisoma pande zote mbili, akamuuliza kama inaliwa. Alimwendea fundi wa viatu, aliyemwambia kwamba yeye ana kitanda. Karatasi ikarudi nyumbani imeota alama za vidole vya nyama, na hakuna aliyeitaka. Mwalimu mkuu naye alituma salamu kwa binti, kwa heshima, kwamba wazazi wasisahau mwezi unakwisha.

Mwishowe ni Bibi aliyekata shauri. "Chumba kimeshalipiwa na jasho lako," alimwambia mke wa mwanawe. "Mara ya kwanza ulitulaza chini kwa ajili ya kazi. Sasa kazi hakuna. Utatulaza chini kwa ajili ya nini?"

Pasi alifikiri kidogo. "Kweli, mama," alisema. "Safari hii nitalala na viatu."

Na walikwenda. Hawakubeba wali wala kopo. Walichomeka kadi na kuiacha ichomeke. Binti alikunywa kila kilichokuwa na rangi kwenye friji. Bawabu alikaa bafuni akichagua joto mpaka vioo vyote vikalia maji. Bibi alipanda kitandani mchana kweupe na kukiambia kidude kwamba anataka kujisikia kama mama wa mwenye hoteli. Pasi alitembea juu ya shuka nyeupe kwa viatu vya barabarani, kutoka upande huu hadi ule, polepole, akiona alama nyekundu za udongo zikifuatana, na moyo wake ulifurahi kwa namna ambayo hakuijua na hakuipenda. Taulo zote alizilowesha. Hakuna kona ya shuka aliyoiacha mahali pake. Alijua kazi ile inavyofanywa, kwa hiyo alijua vizuri kuliko mgeni yeyote jinsi ya kuiharibu.

Alilala fofofo. Alikuwa ameshajiambia kwamba kunapopambazuka atakayefungua mlango ni yule aliyevunja bilauri, au yule wa watoto, na wala hakujali ni yupi.

Asubuhi mlango uligongwa, akaingia Mgongo.

Alikuwa na sare mpya ya rangi ya machungwa, beji yenye tabasamu, na skrini ndogo kifuani iliyokuwa ikihesabu muda kwa namba zinazorudi nyuma. Peke yake sasa alikuwa akisafisha vyumba vilivyokuwa vya watu watatu. Alikitazama kitanda, akaitazama sakafu, akamtazama Pasi aliyekuwa amekaa kitini, kile kiti, mguu juu ya mguu.

"Habari ya asubuhi, mgeni wetu," alisema Mgongo kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Umeamkaje? Tunafurahi umekuwa nasi."

"Shoga, ni mimi."

"Naona unastarehe, mgeni wetu. Naomba nikuhudumie." Aliugusa ubao wa kitanda, akaanza kuinama, na uso ukakunjamana kisha ukarudi kwenye tabasamu kwa nguvu.

Pasi alisimama. Mkono wake ulikuwa umeshashika kona ya shuka kabla hajaamua. Mgongo, bila kuliondoa lile tabasamu, aliteremsha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Usiguse. Kitu hiki kifuani kinaona. Mgeni akifanya kazi yangu nakatwa. Kaa, shoga yangu. Kaa chini tu."

Akakaa. Wote wanne walikaa, Bibi akiwa na soda mkononi, wakamtazama mwanamke mwenye mgongo mbovu akichuna shuka zenye udongo kutoka godoroni, akipiga magoti kuokota taulo zilizolowa, akifuta sakafu ya bafu kwa mikono na magoti. Ilichukua muda mrefu, na namba za kifuani zikaisha na kuwa nyekundu. Hakuna udhalili ambao hoteli ile iliwahi kumpa Pasi uliofanana na huo wa kukaa kwenye kiti kile. Ule wa chumba cha kufulia alitendewa. Huu aliuandaa mwenyewe, jioni nzima, kwa ustadi.

"Kuna kingine, mgeni wetu?" aliuliza Mgongo alipomaliza, jasho likimtiririka hadi kwenye beji.

"Hakuna," alisema Pasi. "Nisamehe."

"Siku yako iwe ya furaha."

Pembeni mwa mlango kulikuwa na skrini yenye nyuso tano, kuanzia unaolia mpaka unaocheka, na jina la mhudumu chini yake. Mgeni hakuwa na ruhusa ya kuondoka kabla hajabonyeza mmojawapo, mapokezi wangemrudisha.

Bawabu aliunyoshea kidole uso wa kulia. "Bonyeza huo. Tuwatie adabu. Waone."

"Huo si wa kwao," alisema Pasi. "Wao hawana uso humu. Huo ni wa Mgongo."

Akabonyeza unaocheka. Skrini ikamwagika maua ya rangi na kumshukuru. Walipotoka, mlango wa kioo ulijifungua, na Bawabu alipita bila kuutazama.

*

Bwana Furaha hakuwahi kuuona uso mzuri kama huo. Aliusomea mkutano wa wakubwa wa hoteli, na hapo ndipo akili yake yote ilipokusanyika mahali pamoja. Mgeni huyu, alisema, si mgeni wa kawaida. Ni mtu aliyefanya kazi humu miaka mingi, anayeijua hoteli ndani na nje, na tuliyemwachisha, yaani mwenye kila sababu ya kutuchukia. Amelala siku tuliyobaki na watatu, amehudumiwa na mmoja, ametupa uso wa kucheka. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Kumbe tulikuwa na watu wengi kuliko furaha inavyohitaji.

Wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja aliuliza kama yule mmoja naye ni wa lazima. Ikaagizwa mikokoteni inayojiendesha yenyewe ya kupeleka taulo, na kampuni ya nje ikapewa kazi ya kuleta vibarua wa usafi kwa siku, mtu huyu leo, mtu yule kesho, wasiozoeleka. Bwana Furaha akapandishwa cheo. Sasa anasimamia furaha ya hoteli tatu.

Pasi aliyajua hayo siku ya Jumamosi. Alikuwa uani akifua nguo za watu wa mtaani, kazi aliyoanza wiki ile ile, na binti alikuwa ndani akipanga upya vitabu ambavyo havikuwa na pa kwenda. Mlango wa nyumba yao ulikuwa wa mbao zilizopinda, na haukufunguka bila kuinuliwa kidogo kwa chini. Aliyegonga alikuwa hajui hilo, akausukuma bure.

Bawabu aliinuka kitini. Aliinua mlango kwa ncha ya kiatu, akauvuta wote, akasimama pembeni, mkono mmoja mgongoni na kichwa kimeinama, kama alivyofanya miaka yote ile, na hakuwa akifanya mzaha.

"Karibu," alisema. "Angalia kizingiti, kimeinuka."

Mgongo aliingia. Hakuwa na sare. Alikuwa ameshika bahasha, na Pasi hakuhitaji kuiona mara mbili kuijua.

"Siku za kazi tu," alisema Mgongo, akiiweka juu ya beseni lililofunikwa. "Haihamishiki."

Bibi alimsogezea kigoda. Mgongo alijishusha taratibu, mkono kiunoni, mpaka akakaa. Povu kwenye karai lilikuwa likipasuka moja moja.

"Shoga," alisema mwishowe, "siku ile ulibonyeza uso gani?"

Pasi alikamua nguo iliyokuwa mikononi mwake, akaikamua tena ingawa haikuwa na maji.

"Wa kucheka."

"Nilijua," alisema Mgongo. "Walitusomea walipotupa bahasha."